Vipuri vya sanduku la zana la mbao: vinapatikana wapi na vinavukaje mpaka

Sanduku la zana la seremala wa zamani halikuwa bidhaa ya dukani. Mara nyingi fundi alilitengeneza mwenyewe, kwa mbao alizozipata na kwa vyuma alivyonunua kwa wenye maduka ya pwani. Ndiyo maana leo lililovunjika bawaba au kupoteza ufunguo halina kipuri chenye namba ya kuagiza, kama kilivyo kipuri cha pikipiki. Kila sanduku lina vipimo vyake.

Hata hivyo vipuri vipo, na vingi havihitaji kuagizwa Ulaya. Vimetawanyika katika masoko ya nchi jirani: kitasa utakikuta Nairobi, misumari ya shaba Unguja, ubao mkavu kwenye kitanda kilichovunjika Moshi. Kwa anayefanya biashara ya kuvusha mpaka, au fundi aliyepokea oda ya mteja wa ng'ambo ya pili, ugumu uko katika mambo mawili: kujua hasa unachotafuta, na kujua kipi kinapita mpakani kwa risiti tu na kipi kinahitaji kibali. Makosa katika la kwanza yanaharibu sanduku. Makosa katika la pili yanaweza kukupotezea mzigo wote.

Masanduku yenyewe

Yaliyo mengi katika eneo letu ni ya aina tatu. La kwanza ni sanduku kubwa la kukaa chini, lenye kifuniko cha bawaba, vishikio viwili vya pembeni na trei za ndani zinazoteleza. Aina hii ililetwa na mafundi wa Kihindi, Kalasinga wengi miongoni mwao, waliokuja wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901 na wengine waliowafuata. Shule za ufundi za misheni na za serikali nazo zilifundisha kulitengeneza. Mbao zake kwa kawaida ni mvule, mninga, msaji au mkangazi.

La pili ni sanduku la kubeba begani au mkononi, refu na jembamba, lenye urefu wa kutosha kulaza msumeno. La tatu ni la mtu asiye na kitu: limetengenezwa kwa mbao laini za makasha ya bidhaa. Mafuta ya taa yalikuwa yakiingia bandarini katika madebe ya galoni nne, mawili mawili ndani ya kasha la mbao, na makasha hayo hayakutupwa. Ukiona sanduku la zana lenye maandishi yaliyofifia upande wa ndani, usiyapige msasa. Kwa mnunuzi anayejua, maandishi hayo ni sehemu ya thamani yake.

Makasha ya Unguja na Lamu yaliyopambwa kwa misumari ya shaba ni jambo jingine. Yalikuwa ya nguo na mali, si ya zana. Tunayataja kwa sababu mafundi wanaoyatengeneza mpaka leo ndio chanzo kizuri cha misumari na mabamba ya shaba.

Pima kwanza, safari baadaye

Wafanyabiashara wengi huanzia sokoni. Afadhali kuanzia kwenye sanduku, ukiwa na tepu, karatasi na sumaku ndogo.

Sumaku ni ya kutambua chuma. Shaba ya njano haivutwi na sumaku. Chuma kilichopakwa rangi ya shaba kinavutwa mara moja. Pima vipande vya zamani, kisha nenda na sumaku hiyo hiyo dukani, maana bawaba nyingi zinazouzwa kwa jina la shaba ni chuma kilichopakwa juu. Ndani ya nyumba zitadumu. Pwani, kwa unyevu na chumvi ya bahari, baada ya muda si mrefu utaona kutu ikichungulia kwenye kingo.

Vipimo vichukue kwa inchi na kwa milimita. Masanduku ya zamani yalitengenezwa kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Bawaba ya inchi tatu ni milimita 76. Bawaba mpya ya kiwanda yenye milimita 75 itaonekana sawa mkononi, lakini matundu ya skrubu hayatakaa juu ya matundu ya zamani, na fundi atalazimika kutoboa ubao upya milimita chache kutoka mahali palipotobolewa miaka sitini iliyopita. Hapo ndipo kingo za mbao hupasuka. Kwa hiyo chora bawaba yenyewe kwenye karatasi: izungushie penseli, tia alama kila tundu, kisha ichukue karatasi hiyo sokoni. Picha ya simu haitoshi kwa kazi hii, maana haionyeshi ukubwa.

Misumari na skrubu zitakuambia umri. Msumari wa mwili wa pembe nne kwa kawaida ni wa zamani kuliko msumari wa waya, ambao ulienea mwishoni mwa karne ya 19. Skrubu ya mbao isiyo na ncha kali, iliyokatwa butu mbele, mara nyingi ni ya kabla ya katikati ya karne hiyo hiyo. Ukiikuta, simama kwanza. Sanduku hilo linaweza kuwa chini ya sheria za mambo ya kale, ambazo tutazieleza mbele.

Skrubu

Watu hudharau skrubu, wakati ndizo zinazoonekana kwanza. Sanduku la mwaka 1930 lililofungwa kwa skrubu za alama ya msalaba linajitangaza kuwa limetengenezwa jana. Za zamani zilikuwa na mfereji mmoja juu ya kichwa. Bado zinapatikana, hasa kwenye maduka ya vifaa ya zamani ya Wahindi katika miji kama Mombasa, Tanga, Moshi, Kisumu na Jinja, ambako pakiti za karatasi hukaa rafuni miaka na miaka. Muuzaji kijana atakuambia hakuna. Muulize mzee aliyekaa nyuma.

Skrubu za mbao, au parafujo kama wanavyoziita wengine, huitwa kwa urefu wa inchi na namba ya unene. Namba 6 ina unene wa karibu milimita 3.5, namba 8 karibu 4, na namba 10 karibu 5. Ukisema "inchi moja na robo, namba 8, kichwa cha kuzama", utaeleweka Kampala kama utakavyoeleweka Dar es Salaam.

Kwa mbao ngumu zetu tumia za shaba ya njano. Chuma kikikutana na unyevu ndani ya mbao zenye tanini kinaacha weusi unaopenya kwenye ubao, na weusi huo hautoki kwa msasa. Lakini shaba ni laini na huvunjika kichwa ikilazimishwa kwenye mvule. Dawa yake inajulikana: toboa kwanza, pitisha skrubu ya chuma ya kipimo kile kile ili ikate njia, itoe, kisha ingiza ya shaba ikiwa imepakwa nta au sabuni ya mche. Na zile za zamani zilizotoka nzima zirudishe mahali pake. Hakuna mpya itakayoshinda ya asili.

Bawaba, vishikio na kona

Hapa njia ni mbili. Kununua iliyo tayari, au kutengenezesha.

Za kununua hutoka zaidi India na China. India ina mji wa Moradabad unaojulikana kwa kazi za shaba, na mji wa Aligarh unaojulikana kwa vitasa na vifaa vya milango. Bidhaa za miji hiyo zimekuwa zikifika bandari za Mombasa na Dar es Salaam kwa muda mrefu, nyingine kupitia Dubai. Kwa sanduku lililotengenezwa na fundi wa Kihindi, bawaba ya Aligarh si kipuri cha kubandika tu. Huenda ile ya kwanza nayo ilitoka huko huko, kama haikutoka Birmingham, Uingereza.

Za kutengenezesha ziko kwa mafundi wa vyuma wenyewe: Gerezani kule Kariakoo, Kamukunji jijini Nairobi ambako masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni hugongwa mchana kutwa, na Katwe mjini Kampala. Kona za bati nene, kishikio cha chuma cha kupinda, au tumbuu ya kupitishia kufuli ni kazi ya muda mfupi kwa mafundi hawa. Mpe kipande cha upande wa pili kama mfano, usimpe maelezo ya mdomo.

Kishikio cha shaba kilichopambwa kinahitaji kusubu. Kipande kizima hukandamizwa kwenye mchanga ili kuacha umbo, kisha shaba iliyoyeyushwa humiminwa. Jambo moja wateja hulisahau: shaba ikipoa husinyaa, kiasi cha asilimia moja na nusu hivi. Nakala ya kishikio cha milimita 100 itatoka fupi kwa zaidi ya milimita moja. Kwa kishikio hiyo si taabu. Kwa bawaba yenye pini inayopita katikati ni taabu kubwa, na ndiyo sababu bawaba hazisubiwi kwa njia hii bila kutengeneza mfano ulioongezwa kidogo kwanza.

Rangi ya shaba mpya itakera macho karibu na ya zamani. Iache. Miezi michache ya hewa na mikono itaifanyia kazi. Asidi za kuharakisha zinazouzwa mitaani hubadilisha rangi kwa siku moja na kuendelea kula chuma kwa mwaka mzima.

Kitasa na ufunguo

Hiki ndicho kipuri kinachosumbua kuliko vyote, na ndipo fedha nyingi hupotea.

Kosa la kawaida ni kununua kitasa cha droo. Vinafanana kwa nje, lakini ulimi wa kitasa cha droo hutoka na kwenda moja kwa moja juu. Ukikifunga kwenye sanduku, kifuniko kitanyanyuka kana kwamba hakuna kitu. Kitasa cha sanduku kina sehemu mbili: bamba la kifuniko lenye kitanzi kimoja au viwili vinavyoshuka, na mwili wa chini wenye ulimi unaokwenda pembeni na kupita ndani ya vitanzi hivyo. Ukiuliza dukani, eleza hivyo hivyo, kwamba unataka kinachouma pembeni.

Vipimo vya kuchukua ni upana wa bamba la mbele, kina cha mwili ndani ya ubao, na umbali kutoka ukingo wa juu hadi katikati ya tundu la ufunguo. Hicho cha mwisho ndicho kinachokataa mara nyingi. Kikitofautiana kwa milimita tano, tundu la zamani litabaki wazi na jipya litatobolewa chini yake, na uso wa sanduku utakuwa na macho mawili.

Lakini kabla ya kutafuta kipya, kifungue kile cha zamani. Vitasa vingi vya Kiingereza vya masanduku haya, vingi vikitoka mji wa Willenhall uliokuwa kitovu cha kazi hiyo, ni vyepesi ndani: ulimi, chemchemi bapa na kizuizi kimoja au viwili. Kinachokufa ni chemchemi. Kipande cha chemchemi ya saa ya ukutani iliyoharibika, kikikatwa na kupindwa, kinaifanya kazi yake. Safisha kwa mafuta ya taa, tia tone la mafuta ya cherehani, funga.

Ufunguo uliopotea si sababu ya kuvunja. Kitasa kikiwa mezani na kifuniko chake kimetolewa, umbo la ufunguo linaonekana kwa macho. Mashine za kuchonga funguo za mjini ni za funguo bapa za siku hizi, na wenye mashine watakukatalia. Anayehitajika ni fundi wa tupa. Ufunguo wa sanduku mara nyingi una shina lenye tundu linaloingia kwenye pini, kwa hiyo tafuta ufunguo wowote wa zamani ambao tundu lake linaipokea pini hiyo, hata kama meno yake ni mengine, kisha meno yapunguzwe kwa tupa. Vichane vya funguo kuukuu huuzwa na wachuuzi wa vyuma chakavu, mara nyingi kwa bei ya chuma tu. Mwenye kupita masoko ya nchi mbili au tatu akinunua kichane kila anapokiona, atakuwa na bidhaa ambayo mafundi wataifuata kwake.

Ubao wa kuziba

Ubao wa sanduku la zamani uzibwe kwa ubao wa mti ule ule, uliokauka kwa kiwango kile kile. Ubao uliokaa Mombasa au Unguja una unyevu zaidi kuliko uliokaa Arusha au Nairobi. Ukiuleta juu na kuugundisha siku hiyo hiyo, utasinyaa na kuacha ufa. Uache wiki kadhaa ndani ya chumba ambamo kazi itafanyika.

Samani kuukuu ndiyo ghala bora: mbavu za vitanda, migongo ya makabati, meza za shule. Angalia matundu ya bungua. Yakiwa na unga mpya chini yake, mdudu yumo ndani na atahamia kwenye sanduku lako. Gundi nayo ina habari yake. Ya zamani ilikuwa ya ngozi na mifupa, inayolainika kwa joto na maji. Gundi nyeupe ya chupa haishiki vizuri juu yake, kwa hiyo iondoe kwanza kwa kitambaa chenye maji ya moto.

Sasa mpaka. Hapa sheria zimebadilika, na wengi hawajapata habari. Katika mkutano wa mkataba wa CITES wa mwaka 2022, miti ya Afrika ya jamii za mninga, mkongo na mkangazi iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili, na uamuzi huo ukaanza kutumika Februari 2023. Magogo, mbao zilizopasuliwa, mbao bapa za kubandika na plaiwudi za miti hiyo vinahitaji kibali cha CITES kuvuka mpaka wa nchi, hata kama ni kati ya nchi mbili wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ubao mmoja wa mninga uliobebwa juu ya basi kwenda kuziba kifuniko kimoja ni mbao iliyopasuliwa, na karani wa forodha hana wajibu wa kusikiliza hadithi ya sanduku la babu. Msaji haumo katika orodha hiyo, wala mvule. Hata hivyo mbao zozote zinazosafirishwa ndani ya Tanzania hutakiwa kuwa na hati ya usafirishaji ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kwa Kenya wakaguzi wa afya ya mimea wa KEPHIS huangalia wadudu.

Kwa sababu hiyo ushauri wa biashara ni rahisi: vusha vyuma, nunua ubao upande ule ule lilipo sanduku.

Vyuma chakavu na risiti

Nusu ya vipuri tulivyovitaja hupitia kwa wauza chakavu, na shaba kuukuu ina historia mbaya. Nchini Kenya biashara hiyo iko chini ya sheria ya mwaka 2015, na muuzaji lazima awe na leseni. Januari 2022 serikali iliisimamisha kabisa kwa miezi kadhaa baada ya hujuma dhidi ya nguzo za umeme. Kishikio cha sanduku hakifanani na waya wa umeme, lakini gunia la vipande vya shaba visivyo na risiti halimwambii askari tofauti hiyo. Nunua kwa mwenye leseni, dai risiti inayotaja vitu kwa majina, yaani "bawaba za sanduku, jozi nne", si "shaba kilo mbili". Vipande vifungwe kila aina peke yake, vikionekana kuwa vifaa vya kutumika.

Utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya unamruhusu mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kupata cheti rahisi cha uasilia pale pale mpakani. Unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa. Kona na vishikio vilivyogongwa Kamukunji au Katwe ni kazi ya Jumuiya. Ulizia kama vimo katika orodha kabla ya kusafiri. Bawaba ya Aligarh iliyonunuliwa Nairobi haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu ya risiti ya Nairobi. Ukivichanganya katika karatasi moja, unajiletea maswali ambayo hayakuwa na haja. Namanga na Busia, ambako vituo vya pamoja vilizinduliwa rasmi mwaka 2018, maofisa wa nchi zote mbili wako mahali pamoja, na swali huulizwa mara moja badala ya mbili.

Sanduku lenyewe likivuka

Mteja wa nchi jirani anaweza kutaka sanduku lote, si vipuri. Kwa yaliyo mengi, ya miaka ya 1920 hadi 1960, ni samani kuukuu tu. Kwa ya zamani zaidi ni jambo jingine. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa ni cha kale, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inaulinda mwaka 1863 kwa namna kama hiyo, na inagusa pia milango na miimo ya kuchongwa ya kabla ya 1940. Hili la milango linawahusu watafuta vipuri moja kwa moja, maana wapo wanaong'oa misumari na mapete ya milango ya kale na kuyauza kwa wenye masanduku. Muuzaji akikuambia kwa fahari kuwa shaba hii ilitoka kwenye mlango wa nyumba ya kale, mwachie.

Na unapomkabidhi mteja sanduku lililokwisha kutengenezwa, mwandikie kwenye karatasi kipi ni cha asili na kipi ni kipya: bawaba mbili za Aligarh, ufunguo uliochongwa, kipande cha ubao cha sentimita 12 upande wa nyuma. Vipande vya zamani vilivyotolewa vitie kwenye bahasha, uiweke ndani ya trei. Atakayelifungua baada yako atavihitaji kwa vipimo.